Sura ya Tano: Bei ya Kosa

Mto Kalambo huteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, kuelekea Ziwa Tanganyika, na kabla haujafika ziwani hukatika ghafla, maji yote yakaporomoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Hapo mto ndio mpaka wa Tanzania na Zambia. Wageni hufika, hupiga picha maporomoko, huondoka. Jambo kubwa zaidi liko juu yake kidogo, kwenye kingo za mto upande wa Zambia, ambako mwaka 2019 wanaakiolojia walifukua magogo mawili yaliyopandana. Gogo la juu lilikuwa limechongwa pengo ili likae juu ya lile la chini bila kuteleza. Alama za zana za mawe bado zilionekana kwenye mti wenyewe. Habari zilipochapishwa Septemba 2023 katika jarida la Nature, umri uliotajwa ulikuwa miaka 476,000 hivi. Mabaki ya kale kabisa yanayofahamika ya binadamu wa aina yetu yana miaka kama 300,000. Waliounganisha magogo yale, basi, walitutangulia sisi wote.

Mwanaakiolojia J. Desmond Clark alikuwa amechimba hapo hapo tangu miaka ya 1950, na yeye pia alipata vipande vya miti ya kale. Alichokosa ni saa ya kuvipimia. Kipimo cha kaboni huishiwa nguvu kitu kikishapita miaka elfu hamsini hivi. Waliokuja baada yake walipima mchanga uliofukia miti hiyo: chembe za mchanga zikikaa gizani hujikusanyia nishati kutokana na mionzi iliyo ardhini, na zikiamshwa maabara huitoa kwa mwanga ambao wingi wake unaeleza zimefichwa jua kwa muda gani. Chombo kipya kikazaa wazo jipya kuhusu magogo ambayo mto ulikuwa umeyatunza muda wote huo.

Nimeanza na magogo kwa makusudi. Mazungumzo yetu kuhusu teknolojia na elimu huanzia mno kwenye sherehe za kukabidhi kompyuta, na utepe, na mgeni rasmi, na soda. Mimi nataka tuanzie kwa yule aliyechonga pengo. Sidhani gogo lile lilikuwa la kwanza kwake. Lazima kuna magogo aliyokata vibaya, pengo likawa pana mno au gogo likapasuka, akalisukumia mtoni akachukua jingine. Msitu ulikuwa umejaa. Kukosea kulimgharimu jasho la asubuhi moja tu, na hapo ndipo ubunifu wake ulipopata nafasi.

Katika sura hii ninashikilia jambo moja: namna watu wanavyojifunza na kubuni hutegemea sana kosa linawagharimu kiasi gani. Teknolojia mpya hubadilisha fikra pale inapobadilisha bei hiyo. Kuna wakati huishusha, watu wakafunguka. Kuna wakati huipandisha, watu wakajifungia. Na sasa imekuja moja inayotaka kulifuta kosa lenyewe, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote.

Panda kutoka Kalambo uje uwandani. Kwenye mashamba ya Ufipa bado yapo malungu yaliyosimama, yale matanuru marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma. Mengine yamebaki kuta nusu, mengine yamezingirwa na mahindi, na mgeni asiyeelezwa anaweza kupita akidhani ni kichuguu. Ilungu moja lilifika urefu wa mita 3 hivi. Chini yake kulizungushwa neli za udongo za kupitishia hewa, na juu likaachwa wazi. Halikuhitaji watu wa kuvuta mivukuto. Moto ukikolea, hewa ya moto hupanda juu na kuivuta ya baridi iingie kupitia neli zile, na tanuru likajipuliza lenyewe kwa siku kadhaa. Kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka nyingi, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambako sasa mivukuto ilitumika kukisafisha kabla ya kufikia nyundo ya mhunzi. Majembe yaliyotokana na kazi hiyo yalilima, yalilipa mahari, na yaliuzwa mbali. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, alitumia miaka mingi kuchimba na kuandika juu ya kazi hii, na kitabu chake kuhusu ufuaji chuma wa Ufipa kilitoka Kampala mwaka 2010. Ukikisoma utaona jinsi usemi wa kwamba sayansi ilikuja Rukwa na wamisionari ulivyo mwepesi.

Lakini tazama bei ya kosa kwenye ilungu. Kabla ya kuwasha moto, watu walikuwa wamekata miti, wamechoma mkaa, wamechimba na kubeba mawe, wamejenga kuta, wamekausha neli. Moto ukienda kombo siku ya pili, kazi ya majuma inakuwa majivu. Ndiyo maana tanuru jipya lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi, ndiyo maana fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa ambacho si kila mtu alikigusa, ndiyo maana mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Wasomi wameandika mengi kuhusu maana ya miiko hiyo, juu ya uzazi na tanuru kama tumbo la mama, na sina ugomvi nao. Naongeza tu kwamba miiko huota mizizi mahali ambapo kukosea ni ghali. Pale ambapo jaribio moja linakula msitu mdogo, hakuna kijana atakayeruhusiwa kusema, "Mzee, mbona tusipunguze neli mbili tuone?" Anaambiwa abebe mkaa na atazame.

Na elimu inayotunzwa hivyo hufa upesi. Ukoloni ulipoingia na majembe ya dukani, malungu yalizimwa. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya jinsi kazi hiyo ilivyofanyika Ufipa, na watafiti waliokuja baadaye walilazimika kuwatafuta wazee waliokumbuka ili waonyeshwe upya. Teknolojia iliyowalisha watu kwa vizazi ikabaki vichwani mwa wazee wachache.

Kwenye kilimo mambo yalikuwa tofauti kidogo. Wafipa wana ntumba: mvua zikielekea ukingoni, mkulima hukata nyasi pamoja na udongo wake, akazigeuza na kuzifukia ndani ya matuta ya mviringo. Maharage yanaweza kupandwa juu yake huku nyasi zikioza ndani, na msimu unaofuata matuta husambazwa, ulezi ukamwagwa kwenye udongo uliokwisha kurutubika. Plau ya ng'ombe na mahindi ya mbolea ya dukani vimeisukuma ntumba pembeni, ingawa haijaisha. Ninachokipenda hapa ni kwamba tuta moja ni kitu kidogo. Mkulima anaweza kujaribu mbegu ngeni kwenye matuta matatu ya ukingoni na kama hazikuota, watoto wake hawatalala njaa. Ilungu huwezi kulijaribu robo.

Sasa twende darasani.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539 mkoani Rukwa. Ile ya 2022 ikahesabu 1,540,519. Mkoa umeongezeka kwa zaidi ya nusu katika miaka 10, na wengi wa walioongezeka ni watoto. Mtoto anayekulia kijiji cha wilaya ya Nkasi au Kalambo mara nyingi huja darasa la kwanza na Kifipa chake, akutane na Kiswahili cha vitabu, na akishakizoea, kidato cha kwanza kinamgeuzia kila kitu kuwa Kiingereza. Kosa lake, kwa hiyo, lina bei mara mbili. Akiinua mkono kujibu kuhusu usanisinuru, anaweza kukosea sayansi na anaweza kukosea Kiingereza, na darasa litacheka lile la pili kabla hata mwalimu hajasikia la kwanza. Juu ya hapo kuna fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka mpaka wa viboko vinne na kumpa mkuu wa shule mamlaka juu yake; kila aliyesoma shule zetu anajua mpaka huo unavyoheshimiwa.

Mtoto mwenye akili katika mazingira hayo anafanya nini? Ananyamaza. Ananakili ubaoni, anakariri, anasubiri mtihani. Tunamwita mvivu wa kufikiri, kumbe amepiga hesabu vizuri: kunyamaza ni bure. Tuna msemo tunaoupenda mno, kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Msemo huo unamfaa dereva wa basi. Kwa mtoto anayejifunza kusoma ni sumu, maana kurudia kosa ndiyo kazi yenyewe. Herufi b na d zitabadilishana mara arobaini kabla hazijatulia.

Ukitaka kuona elimu yenye makosa ya bei nafuu, usianzie shuleni. Nenda sokoni Sumbawanga, kwenye meza za mafundi simu. Meza ni ya mbao, juu yake taa, kioo cha kukuzia, kifaa cha kupuliza hewa ya moto, risasi ya kulehemia, brashi ya mswaki iliyokwisha nywele. Chini ya meza kuna boksi, na boksi hilo ndilo darasa. Limejaa simu zilizokufa ambazo wenyewe walizisusa: vioo vilivyopasuka, saketi zilizoingia maji, betri zilizovimba. Kijana anayejifunza kazi hapewi simu ya mteja. Anapewa simu mfu na kuambiwa ang'oe kipuri fulani kisha akirudishe. Akikiunguza, kiko kingine. Pembeni simu nzima imeegemezwa kwenye kikombe, inaonyesha video ya fundi wa India au Pakistani anayeeleza kwa lugha ambayo mezani hapo hakuna anayeijua. Sauti imezimwa. Kijana anatazama vidole. Anasimamisha, anarudisha nyuma sekunde chache, anatazama tena pale pinseti inapoingia, anainama kwenye saketi yake, anakosea, anarudisha video tena. Video haichoki wala haimcheki. Baada ya miezi atakuwa anafanya vitu ambavyo video haikumwonyesha, kwa mfano kutoa kipuri cha simu ya aina moja na kukiingiza kwenye ya aina nyingine kwa sababu kipuri halisi hakipatikani karibu zaidi ya Mbeya au Dar es Salaam. Huo ni ubunifu, na hakuna aliyempa cheti.

Linganisha na chumba cha kompyuta cha shule. Nimeshaona zaidi ya kimoja mahali ambapo mashine zimefunikwa vitambaa, mlango una kufuli mbili, na ufunguo anao mkuu wa shule ambaye yuko kikaoni. Sishangai. Zile kompyuta zimeandikwa kwenye daftari la mali. Zililetwa na kamera za televisheni. Moja ikiharibika itaundwa kamati, na mwalimu wa TEHAMA ataandika barua ya kujieleza. Chombo kilichobuniwa ili kosa lisiwe na gharama, kwa maana unabonyeza tu kitufe na kurudi nyuma, tumekigeuza kuwa ilungu: kina miiko yake, kina mlinzi wa kikapu, na vijana wanatazama kwa mbali. Umeme nao una mambo yake, na kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa ikiwashiwa kutoka Zambia kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa mbali. Lakini kufuli mbili hazikuwekwa na shirika la umeme.

Kuna jaribio moja kubwa lililofanyika nchini mwetu ambalo linastahili kujulikana zaidi ya linavyojulikana. Shindano la Global Learning XPRIZE lilitaka kujua kama mtoto asiye na mwalimu anaweza kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kutumia kishikwambi peke yake. Wakachagua Mkoa wa Tanga na lugha ya Kiswahili. Kuanzia mwishoni mwa 2017, karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 waligawiwa vishikwambi, na vijijini kukafungwa vituo vya sola vya kuchajia. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu walishiriki. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walisema hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno lolote ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 waligawana washindi wawili, Kitkit School ya kampuni ya Enuma na onebillion ya Uingereza.

Kila mtu ameyasoma matokeo hayo kwa miwani yake. Wauza vifaa wamesoma kwamba mwalimu hahitajiki. Walimu wamesoma kwamba nusu nyingine ilibaki pale pale, na wana haki. Mimi nasoma kitu kingine. Programu zile zilikuwa zimejengwa juu ya kosa. Mtoto anagusa herufi isiyo sahihi, herufi inatikisika, anagusa nyingine. Hakuna anayeandika alama. Hakuna kaka mkubwa wa dawati la nyuma wa kumcheka. Mtoto anaweza kukosea mara hamsini chini ya mwembe na siri hiyo ikabaki kati yake na kioo. Watoto wa vijiji hivyo hawakupewa akili mpya. Walipewa mahali pa kukosea bila aibu, na nusu yao hilo peke yake liliwatosha kuanza.

Kifaa bila nafasi hiyo hakifanyi lolote. Peru iliwagawia watoto wake zaidi ya kompyuta ndogo 800,000 za mradi wa One Laptop per Child, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 kutoka shule 319 za vijijini haukuona tofauti yoyote katika alama za hisabati na lugha. Mashine ziliingia darasani, ufundishaji ukabaki ule ule. Tusijidanganye kwamba nasi tumekingwa na hilo.

Novemba 30, 2022 ikaja ChatGPT, programu ya akili mnemba, na nyuma yake wenzake, na bei ya kosa ikachukua sura ambayo haijapata kuwapo.

Kwa upande mmoja hii ndiyo zawadi kubwa zaidi ambayo mtoto wa Laela au Matai amewahi kuletewa. Yule wa kidato cha kwanza aliyeogopa kuchekwa sasa anaweza, likizo, akiwa na simu ya baba na bando la siku, kuuliza kwa Kiswahili chake kile ambacho kitabu kimemweleza kwa Kiingereza. Anaweza kuuliza swali la kijinga. Anaweza kuuliza tena, na tena, na kusema "sijaelewa, nieleze kwa mfano wa shamba," bila mtu kukunja uso. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, nami naelewa sababu zake, lakini tukubali kwamba tumemzuia mtoto asimfikie mwalimu wa ziada pekee ambaye familia yake inaweza kumlipa.

Kwa upande wa pili, akili mnemba haikai kimya mtoto akikosea. Inamtangulia. Unaandika swali, jibu linakuja limenyooka, limepangwa aya kwa aya, bila hata alama ya kufutwa. Mtoto hakukosea kwa sababu hakujaribu.

Watafiti walilipima jambo hili nchini Uturuki kwa wanafunzi wa sekondari wapatao 1,000 katika somo la hisabati, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025 katika jarida la PNAS. Kundi moja lilipewa akili mnemba ya kawaida wakati wa mazoezi. Likafanya vizuri kuliko wasio nayo kwa asilimia 48. Kisha mashine ikaondolewa, mtihani ukaletwa. Kundi hilo likaanguka chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa, kwa asilimia 17. Na wenyewe hawakuhisi kwamba wamepungukiwa. Kundi la tatu lilipewa mashine ile ile, lakini imefungwa mdomo kidogo: walimu walikuwa wameielekeza itoe dokezo, isitoe jibu. Hao walipaa kwenye mazoezi kwa asilimia 127, na kwenye mtihani hawakuporomoka, ingawa hawakuwapita wenzao pia. Mashine ni moja. Tofauti ni kama ilimwachia mwanafunzi kosa lake au ilimnyang'anya.

Hapo nimezungumzia kujifunza. Kwenye kubuni kuna hatari ya namna nyingine, nayo inatuhusu sisi wa pembezoni zaidi kuliko wa mijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika Science Advances uliwapa waandishi kazi ya kutunga hadithi fupi, baadhi wakisaidiwa mawazo na akili mnemba. Wasomaji walizipenda zaidi hadithi zilizosaidiwa, hasa za wale ambao uwezo wao wa kubuni ulikuwa mdogo. Lakini zilipowekwa pamoja, hadithi hizo zilifanana kuliko zile zilizotungwa bila msaada. Kila mmoja alipanda, na wote wakasogeleana.

Fikiria insha ya "Siku Nisiyoisahau" katika darasa la Sumbawanga, wote wakiwa wamesaidiwa na mashine ile ile. Utapata mvua ya ghafla, safari ya kwenda kwa bibi, funzo la uvumilivu. Ni nzuri zote, hazina koma iliyokosewa. Hutampata yule aliyeshuka kwa miguu mteremko mkali wa Lyamba lya Mfipa usiku akiwa na mbuzi wawili, akafika Bonde la Rukwa joto limebadilika kama nchi nyingine. Hutampata aliyekaa Kasanga akisubiri mashua ya migebuka iliyochelewa. Mashine huvuta kuelekea kile kilichoandikwa sana, na Ufipa umeandikwa kidogo. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliyekaa huku miaka ya 1960 alikusanya ngano za Wafipa na kuzitoa kitabuni mwaka 1978, kwa Kiingereza, kupitia Oxford. Zaidi ya hapo, na machapisho ya dini na ya wanaisimu, sehemu kubwa ya Kifipa bado iko vinywani. Hilo ni pengo, na pia ni mtaji: mtoto wa Nkasi anajua mambo ambayo mashine haiwezi kumtangulia.

Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili mwenye kishikwambi anaweza kufanya hivi. Awatume wanafunzi nyumbani wakarekodi ngano moja ya babu au bibi kwa Kifipa, kwa simu yoyote yenye kinasa sauti. Wailete, waisikilize pamoja, waiandike kwa Kiswahili, kisha kila mmoja aibadilishe mwisho wake kwa kichwa chake mwenyewe, kwa kalamu. Hapo, na si kabla, akili mnemba iitwe: iulizwe ni wapi hadithi imelegea, ni swali gani msomaji angeuliza. Ikatazwe kuandika hata sentensi moja. Mtoto atabishana nayo, na mara nyingine atakuwa sahihi yeye, kwa sababu mashine itakuwa haijui ulezi unavunwaje. Bibi naye asikilizishwe mwisho mpya aseme kama unakaa. Ninavyowafahamu bibi zetu, atasema haukai.

Vifaa vya kuanzia vipo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na walimu wengi wa Rukwa wanavyo, wengi wakivitumia kujazia takwimu na kusomea nyaraka za WhatsApp. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada ambavyo mwalimu anaweza kuvipakua mara moja mahali penye mtandao na kuvisoma kijijini bila bando. Programu tano zilizofika fainali ya Tanga ziliachiwa wazi kwa sharti la shindano lenyewe, kwa Kiswahili, ili yeyote azichukue na kuzirekebisha bila kulipa.

Kinachokosekana ni ruhusa, na ruhusa hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji waraka wa mistari miwili kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri: kwamba kompyuta au kishikwambi kikiharibika mikononi mwa mwanafunzi aliyekuwa akijifunza, mwalimu hatakatwa mshahara wala kuandikiwa barua ya kujieleza, na kwamba chumba cha kompyuta kifunguliwe kila siku ya masomo, saa zinazojulikana na wanafunzi. Madiwani wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, hoja hiyo pelekeni kwenye kikao kijacho.